Mashudu Yanayong'aa

Kama umekonda na hujui kwa nini, nenda chooni ukaangalie ulichotoa. Usimwage maji haraka. Angalia kwanza. Halafu kamwambie daktari ulichokiona, hata kama daktari mwenyewe ni binti wa kumzaa. Mimi niliangalia, nikaona, nikanyamaza, na kunyamaza huko nusura kunizike.

Nimesoma mpaka darasa la tatu. Mambo ya ndani ya mwili sitawaeleza kwa lugha ya madaktari, siijui. Ninachojua mimi ni mafuta. Nimekamua alizeti miaka thelathini hapa Soweto, Mbeya. Nilianza na mashine ya mkono nikiizungusha mwenyewe mpaka mabega yanawaka, leo nina mbili za umeme, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenisaidia. Niletee alizeti ya Isimani na ya Chunya, nitaziponda kiganjani nimefumba macho nikwambie ipi ni ipi.

Mashine ikiwa nzima au mbovu unaijua kwa mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Unayachukua, unayaminya. Yakiwa makavu, yanavunjika kama biskuti, mashine yako nzima. Yakikuachia mng'ao kwenye vidole, mashine inakudanganya. Alizeti inaingia, kelele zipo, lakini mafuta yanatoka na mashudu na ndoo yako inabaki tupu.

Hilo la mashudu msilisahau, maana ndilo lililonipata.

Nilikuwa mtu mnene, nasema bila aibu. Tumbo langu liliingia mlangoni kwanza, mimi nikafuata. Mwaka juzi, mwezi wa sita, alizeti ya msimu ilipoanza kuingia, suruali zikaanza kunikimbia. Nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Mvua za kwanza zilipofika, mkanda ulikuwa na matundu mapya matano na ncha yake inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Na mimi nakula! Nakula ugali wa watu wawili, nakula nyama, nakula ndizi zimeungwa kwa mafuta yangu mwenyewe. Naondoka mezani na njaa.

Ndipo nikaanza kuzijua hospitali, na nilizijua kwa makalio. Mtu mnene hajui kwamba amezaliwa na godoro lake. Likiisha, benchi la mbao linagusa mfupa, na kusubiri kwa saa nne ni kama kukalia shoka. Nikawa naenda na gunia nimelikunja kwapani. Wagonjwa wenzangu wakanizoea, "Mzee wa gunia, leo umewahi." Dirishani siku moja kijana alichukua kadi yangu ya bima, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Babu, tunamhitaji mwenyewe mwenye kadi."

"Ndiye huyu unayeongea naye."

Akamwita mwenzake waje waniangalie wote wawili. Nilisimama pale nimeshika suruali kwa mkono mmoja, nikisubiri watu wawili wakubaliane kwamba mimi ni mimi.

Walinipima damu mara tatu kutafuta virusi. Hakuna. Wakataka makohozi. Kifua kikuu hakuna. Wakanipa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimaliza boksi zima, nikazidi kukonda. Mtaani wao walishanipima na majibu wanayo. Wateja wa miaka mingi wakawa wanatuma watoto kuja kuchukua mafuta, wao hawaji.

Sasa nitasema jambo baya, kwa sababu kama ninaandika ili kumsaidia mtu basi niandike yote. Mtu mmoja alinong'ona sikioni mwangu kwamba anayeninyong'onyeza yumo humo humo ndani. Nikaamini. Mke wangu, Mama Ambakisye, ambaye tulianza wote na ile mashine ya mkono, nikamwambia aonje chakula mbele yangu kabla sijala. Hakubisha. Alichukua kijiko, akaonja ugali, akaonja mboga, akaonja mpaka maji. Akafanya hivyo wiki nzima, kila mlo, akinitazama machoni. Siku ya nane akaweka sahani chini.

"Baba Ambakisye, nimekula sumu yako siku saba na mimi nanenepa. Ukitaka kufa, kufa, lakini jina langu usizikwe nalo."

Tangu siku hiyo alikula jikoni peke yake. Nami nilikula sebuleni peke yangu. Nyumba ikawa kimya kama mashine umeme ukikatika.

Katika mvua hizo hizo ndipo nilipoona. Nilikuwa chooni asubuhi, nikainuka, nikaangalia. Kilikuwa kinaelea. Cheupe, laini, kinanuka vibaya kuliko desturi, na juu ya maji yametanda mafuta. Nasema mafuta, na mimi si mtu wa kukosea mafuta. Yalitanda na vile vimacho vyake vinavyong'aa, kama ndoo ya kwanza kabla ya kuchuja. Nilisimama pale nikasema kwa sauti, "Mashudu yanang'aa." Mashine iliyokuwa mbovu ni mimi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekimbia kwa daktari. Mimi nilijiona fundi. Sasa sikilizeni ufundi wangu. Mashine ya kukamua ikiwa ya baridi haikamui vizuri. Asubuhi unaipasha kwa kuilisha, unairudishia hata mashudu yenyewe ipite nayo tena, mpaka koo lake lipate moto, ndipo mafuta yanashuka. Nikajiambia tumbo langu limepoa, nilipashe. Kila asubuhi nikawa napasha kikombe cha mafuta ghafi ya alizeti, naweka tangawizi, nakunywa kabla ya chai. Kikombe kizima! Nikizidi kukonda naongeza. Nilikuwa nachota mafuta kwenye pipa langu na kuyapeleka chooni, mimi nikiwa bomba tu.

Na maumivu yakaja, juu ya kitovu, yanapita mpaka mgongoni kama nondo. Nikarudi hospitali. Safari hii nilimkuta daktari binti mdogo, sauti ya upole.

"Mzee wangu, choo kinaendaje?"

"Kinaenda chenyewe."

"Namaanisha, kikoje? Rangi yake, kinaelea, kina..."

"Binti, nimekuja na tumbo. Choo nimekiacha nyumbani."

Watu nyuma ya pazia walicheka. Nikaona nimeshinda. Nikatoka na dawa nyingine za vidonda vya tumbo.

Mwezi wa tano mwanangu Ambakisye, anayeendesha malori, akasema niende kwake Iringa nikatibiwe huko. Nilikataa, na sababu sikumwambia. Sababu ilikuwa mke wake.

Kwetu Unyakyusa, mke wa mwanao hakuoni nawe humwoni. Akisikia unapita anajificha au anajifunika. Mezani hamkai pamoja, jina lako halitaji. Ndiyo heshima. Wengi siku hizi wameiacha, mimi sikuiacha. Huyu binti, Mama Tusa, ni Mhehe wa Kilolo, mila si yake. Mwezi wa kwanza wa ndoa yao nilifika, akatoka mbio sebuleni na furaha zake, "Shikamoo baba!" Niligeuka kabla sijauona uso, nikatoka nje, nikapanda basi siku ile ile bila kula. Tangu hapo alijifunza. Miaka minane alizungumza nami kwa nyuma ya ukuta, na sikuwahi kujua sura yake. Nilijivunia sana jambo hilo.

Na huyo huyo Mama Tusa ni muuguzi.

Nilikwenda kwa sababu Ambakisye alilia mbele yangu. Safari ile sitaisahau. Pale Nyololo nilimwomba konda asimamishe basi, nikashuka nimeshika suruali, sikufika mbali. Nilirudi kwenye kiti changu na wanaume wakafungua madirisha, na baridi ile ya Mufindi ikaingia, hakuna aliyesema neno. Afadhali wangenitukana.

Iringa kwa mwanangu choo ni cha ndani. Asubuhi ya tatu nilimwaga maji, hayakuondoa kitu. Nikamwaga tena. Mafuta yalibaki yamegandamana na sinki lile jeupe. Nilitoka nikijifanya sijaona. Ambakisye alikuwa safarini Tunduma. Nilisikia Mama Tusa anaingia, anamwaga maji, kisha brashi. Halafu sauti yake ikatoka koridoni, amegeukia ukutani, maana niliona kisigino chake tu.

"Baba, samahani. Naomba kuuliza kama muuguzi, siyo kama mkwe."

Niligeuza kiti nikampa mgongo.

"Choo kinaelea hivi tangu lini, baba? Hii siyo vidonda vya tumbo. Haya ni mafuta..."

"Nani amekutuma kuchungulia uchi wa mkweo?" Nilifoka mpaka kifua kikauma. "Kwenu Kilolo ndivyo mnavyofunzwa?"

"Baba, utakufa."

"Nife. Lakini nife na heshima yangu."

Kisigino kikaondoka. Mchana huo nilikuwa stendi na gunia langu. Mtu mmoja tu katika nchi nzima alikuwa amejua ugonjwa wangu, nami nikampigia kelele na kupanda basi kurudi Mbeya.

Baridi ya mwezi wa saba ile ndiyo iliyonionyesha kaburi. Kumbe mafuta ya mwilini ni blanketi pia. Nilivaa masweta matatu, nikakaa kati ya mashine mbili zikiwa zinanguruma, na bado meno yanagonga. Wafanyakazi wangu walifanya kazi wakinizunguka kama nguzo. Fizi zikawa zinatoa damu nikipiga mswaki. Nikijigonga kidogo tu, ngozi inafanya doa jeusi la wiki mbili. Miguu ikawa kama si yangu.

Na macho. Jua likianza kuzama, mimi giza kamili. Wenzangu bado wanasoma namba za magari barabarani, mimi napapasa ukuta. Mchana nikiona vizuri, hakuna aliyejua. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti changu barazani na sitoki hapo, najifanya nimepumzika. Siku moja niliikanyaga sufuria ya mboga ya mke wangu, ikamwagika yote. Alidhani ni makusudi. Sikumwambia ni macho. Kumwambia nimekuwa kipofu wa jioni niliona ni kumkabidhi fimbo yangu.

Nilimwita Ambakisye nikamwonyesha mahali pa kunizika, Tukuyu, kando ya migomba ya marehemu mama. Nikamweleza mashine ipi ianze kufunguliwa ibadilishwe skurubu ya kukamulia, na ipi skurubu yake bado ni nzuri. Alikuwa anaandika. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka na mimi namkemea, "Andika vizuri!" Usiku sikusali nipone. Nilisali iwe haraka.

Alipoondoka na karatasi yake, alikwenda kumsomea mkewe.

Mwezi wa nane, jioni moja, nimekaa barazani katika giza langu, nikasikia geti. Nikasikia hatua nyepesi, si za mke wangu. Kiti cha pili kikavutwa.

"Kamwene, baba."

Nilimjua kwa sauti, na kwa salamu hiyo ya Kihehe. Nikataka kuinuka, nikapapasa ukuta, nikaukosa.

"Toka mbele yangu. Huoni aibu?"

"Baba, kuna nini mbele yako?"

"Wewe!"

"Nimevaa nguo gani?"

Nikageuza kichwa kuifuata sauti.

"Nimeshika nini mkononi? Jua bado lipo, baba, watoto wanacheza mpira pale. Nimeshika nini?"

Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Hakuna kitu. Weusi mtupu, na sauti katikati yake.

"Sioni," nikasema. Ndilo neno la kwanza la kweli nililomwambia mtu kwa mwaka mzima.

"Basi hatujavunja kitu," akasema. "Mkwe haonwi, na wewe hunioni. Nitakaa hapa. Sema."

Kule nyuma mfanyakazi wangu wa mwisho alizima mashine. Nikasema, kwa maneno ninayoyaweza, "Mama Tusa, mashine yangu inapitisha mafuta."

"Mashudu yanang'aa?"

"Yanang'aa sana, mama."

"Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Rangi, harufu, Nyololo, kikombe cha asubuhi. Pale kwenye kikombe alipiga paja.

"Kikombe kizima, baba? Cha mafuta mabichi?"

"Na tangawizi."

Alicheka. Alicheka, halafu nikasikia kicheko kimegeuka, anavuta kamasi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kumbe. Alisema tu, "Kwa hiyo sufuria yangu..." nikamjibu, "Sikuiona, mke wangu. Na sumu haikuwepo. Nisamehe." Alileta chai, na yake akainywea pale pale.

Mama Tusa aliandika kila kitu kwenye karatasi. Kesho yake nilimpa yule yule daktari binti. Akasoma, akaniangalia.

"Mzee, si uliniambia kinaenda chenyewe?"

"Kilikuwa kinaenda chenyewe, daktari. Na mafuta yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Walinipiga picha za tumbo, wakachukua choo chenyewe, nikakibeba kwenye kikopo nikipita nacho mbele ya watu. Nilitegemea kufa kwa aibu, sikufa. Tatizo lilikuwa kongosho, kinyama kilicholala nyuma ya tumbo, kinachotoa maji ya kuvunjavunja mafuta ili mwili uyachukue. Changu kimekauka na kuota vijiwe. Akaniuliza pombe. Nikasema kweli: miaka ya ujana nilikunywa gongo kama maji. Akaandika.

Yale mengine yote, macho, fizi, miguu, alisema yana njia moja. Kuna lishe ambazo haziingii mwilini ila zimebebwa na mafuta. Mafuta yakipita bure, nazo zinapita nayo. Hilo nililielewa kuliko wasomi.

Nilipewa vidonge vya kumeza na chakula, na dawa nyingine za macho na damu. Siku za mwanzo nilivimeza alfajiri tumbo tupu, nikidhani dawa ni dawa. Mama Tusa, aliyekuwa amechukua likizo yake akakaa kwetu, alinisema akiwa nyuma ya ukuta, maana asubuhi nilikuwa naona, "Baba, unawasha mashine bila alizeti?" Tangu hapo nameza kimoja nikianza kula na kingine katikati. Kikombe cha mafuta nimeacha. Mafuta nakula, kidogo, ndani ya chakula.

Mvua zilipokaribia, asubuhi moja niliinuka chooni, nikaangalia, nikapiga kelele.

"Mama Ambakisye! Njoo uone!"

"Nije nione nini huko?"

"Makavu! Yamezama!"

Alikuja, kweli. Tulisimama wazee wawili tukitazama ndani ya choo kama watu waliopata mtoto.

Sijapona, nisiwadanganye. Kongosho halifufuki. Nondo ya mgongoni bado inanijia, na daktari ameonya kwamba sukari inaweza kufuata. Vidonge hivi ni vya maisha, na siku visipopatikana dukani naogopa kama mtoto. Kwenye mkanda nimerudi matundu mawili tu. Gunia bado natembea nalo. Lakini wewe unayesoma hapa na suruali umeishika kwa mkono, sema. Ukishindwa kumwambia mtu, andika kwenye karatasi. Ukishindwa kuandika, mpelekee kikopo.

Limebaki moja, na hili si la wote. Daftari hili lina mwandiko wa darasa la tatu, na Ambakisye amesema atakayelipiga kwenye kompyuta ni mke wake. Kwa hiyo Mama Tusa, mpaka hapa umeshafika.

Kila mwisho wa mwezi unakuja Mbeya, na jioni unavuta kile kiti unakaa mbele yangu. Kila mara unaniuliza, "Unaniona, baba?" nami najibu, "Sioni kitu, mama, endelea." Macho yangu yalirudi mwezi wa kumi. Una mwanya mbele, na kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto, na ukicheka unafunika mdomo kwa kiganja. Mjukuu wangu Tusa amechukua sura yako, si yetu. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa ukijua utarudi nyuma ya ukuta.

Mwisho wa mwezi huu njoo kama kawaida. Kiti kitakuwa pale pale. Usiniulize kama nakuona.